"Mmehesabu Vizuri": niliyowaambia waimbaji wa misa ya Kiswahili pale Tororo, Uganda

Waliokosa kuja Jumamosi kwa sababu ya mvua, na wale wa Busia ambao teksi iliwafia njiani, hii hapa hotuba yote. Nimeandika vile niliongea, kwa hiyo msinitafutie sarufi.

Tumsifu Yesu Kristo!

Hapana. Hiyo ni sauti ya watu waliokula posho sasa hivi. Tumsifu Yesu Kristo! Sawa, sasa mmeamka.

Baba Paroko, masista wetu, mzee wetu katekista, walimu wa kwaya, waimbaji mliotoka Malaba, Busia na Mbale, na nyinyi maafande wa baraksi ambao bila nyinyi sauti ya nne ya misa hii ingekuwa watu wawili na mmoja wao ana kifua, karibuni.

Nimeambiwa niongee juu ya wimbo wa Kigregori, ule wa kale wa Kanisa, wa Kilatini, unaoimbwa kwa sauti moja, na juu ya muziki mpya wa kwaya. Kuna mtu hapo nyuma ameshasema moyoni, huyu mzee ametuletea Kilatini. Nimekusikia. Sijaleta Kilatini ndugu yangu, nimeleta ugomvi, na ugomvi wenyewe ni mmoja tu: sisi tunaimba nota, hatuimbi maneno. Ule wimbo wa kale tunaouogopa ndio unaweza kututoa hapo.

Naanza na aibu yangu mwenyewe ili msiseme nawasema nyinyi. Zamani kidogo nilikuwa naimbisha kwaya fulani, siitaji, tukaingia mashindano. Mimi na kiburi changu nikachagua Ubi caritas, wimbo wa Kilatini juu ya upendo, ya Maurice Duruflé, yule mtunzi Mfaransa. Nota hatukuwa nazo, tukaweka simu katikati ya benchi, tunasikiliza, tunasimamisha, tunaandika kwenye madaftari, wiki sita nzima. Halafu mimi nikasimama mbele na huu mkono: moja mbili tatu nne, moja mbili tatu nne. Na ule wimbo hauna nne nne! Hapa ni tatu, hapa mbili, hapa nne, unabadilika kila unapogeuka, kwa sababu Duruflé alikuwa anafuata wimbo wa Kigregori wenyewe na wimbo wa Kigregori hauna mkanda kiunoni. Basi mimi nikaufunga mkanda. Tukaimba hadi mwisho, hakuna aliyepotea, sauti ya kwanza walifika juu bila kupiga kelele, watu wakapiga makofi. Jaji mmoja alikuwa padre mzee sana, akaletewa maikrofoni, akatuangalia, akasema, "Mmehesabu vizuri." Akakaa.

Basi, hayo tu. Mimi nikapanda boda nikarudi nyumbani na furaha, ati tumesifiwa. Nilikuwa navua viatu mlangoni ndio nikaelewa alichosema.

Sasa nawauliza. Mara ya mwisho mliimba Bwana utuhurumie, mlikuwa mnaomba au mlikuwa mnahesabu?

Semeni na mimi neno hili, msiimbe, semeni tu kama mtu anayeongea: utuhurumie. Tena. Utuhurumie. Uzito uko wapi? Uko kwenye "mi", si ndio? Utuhuru-MI-e. Hakuna Mswahili hapa Tororo wala Mombasa wala Bukavu anayesema utu-HU-rumie. Lakini fungueni masikio Jumapili. Kijana wa kinanda anabonyeza biti, biti inagonga mwanzo wa kila hatua, na sisi tunaingia mbio kama mtu anayedandia lori, ule mgongo wa biti unaangukia kwenye "hu", halafu wa pili unaangukia kwenye "e" ya mwisho, na hiyo "e" tunaivuta weee mpaka inamaliza pumzi. Utu-HU-rumi-EEE. Huyo Mungu anatuelewa kwa sababu ni Mungu. Mtu wa kawaida angeuliza, mmesemaje?

Na msiniambie uzito wa silabi ni kitu kidogo. Sema barabara, uzito kwenye "ba" ya pili kutoka mwisho, hiyo ni njia ya magari. Usogeze nyuma silabi moja, umesema sawasawa, vilivyo. Neno moja, herufi zilezile, umetoka barabarani bila kusogea.

Wale wa kale walilijua hili. Wimbo wa Kigregori, hasa ule wa zaburi, umejengwa hivi: kuna sauti moja ya kukaa. Unapanda kidogo kuifikia, ukishafika unakaa hapo na kusoma maneno yako yote, kumi, ishirini, hata yakiwa mengi namna gani, kama mtu anayesoma barua kwa sauti. Ukifika katikati ya mstari unainama kidogo, unapumua, unarudi kwenye kikalio chako, na mwisho unatua. Kule kuinama na kule kutua hakuji ovyo, kunangoja silabi nzito. Wimbo unalingoja neno. Jamani mnanielewa? Wimbo unalingoja neno, sio neno linakimbiza wimbo.

Mnadhani ni kitu cha Ulaya? Nendeni pale stendi ya teksi asubuhi msikilize konda wa Mbale. Anaimba kwenye sauti moja, Mbale Mbale Mbale imebaki moja Mbale Mbale, halafu mwisho anashuka: twende-ni. Ameshuka wapi? Kwenye "nde". Hajafundishwa na mtawa yeyote. Na watu wa pwani wanavyosoma utenzi, ni jirani yake huyohuyo.

Chukueni Zaburi ya 23. "Bwana ndiye mchungaji wangu", mnakaa, mnakaa, mnainama kwenye "wa" ya wangu, pumzi. "Sitapungukiwa na kitu", mnakaa, mnatua kwenye "ki". Haihitaji kinanda, haihitaji mazoezi ya wiki sita, na mama aliyeketi benchi la mwisho na mtoto mgongoni anaelewa kila neno. Kiswahili kinapenda uzito wake kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, Kilatini nacho mara nyingi ni hapohapo, ndio maana naona hizi lugha mbili zinakaa benchi moja bila kusukumana.

Mzee mmoja aliniambia, mwalimu, hizo nyimbo ni takatifu, zilishuka kwa Papa Gregori, tusiziguse. Shikamoo mzee, lakini si hivyo. Papa Gregori Mkuu alikufa mwaka 604. Wachoraji walimchora na njiwa begani anamnong'oneza nyimbo sikioni, picha nzuri. Waliochimba historia wanatuambia nyimbo zenyewe tunavyozijua zilikaa sawa miaka mia moja hamsini, mia mbili baadaye, kule kwa Wafranki, watu wa Ufaransa ya kale, wafalme wao walipotaka kila mtu aimbe kama Roma. Waimbaji wa kule wakaupokea wimbo wa Roma, wakauchanganya na wa kwao. Wakauchanganya! Na ile Kyrie ya Malaika, Bwana utuhurumie ya misa ya Kilatini, ambayo bibi zetu waliijua kwa moyo hata mtu akiwa na malaria anaiimba, ile si ya kale hivyo, ni ya karne ya 15 au ya 16. Kredo ya tatu, yaani Nasadiki, ni ya karne ya 17. Maana yake watu hawakuacha kutunga. Kila kizazi kiliongeza mtungi wake kisimani, na mimi nauliza, wa kwetu uko wapi?

Kabla sijaendelea, tafadhali kila mtu atoe daftari lake la nota. Lile lenye kava la mafuta ya kandili, ndiyo, hilohilo. Mnaona d r m f s l t? Karne ya 11 kulikuwa na mtawa Guido wa Arezzo, kule Italia, alichoka na waimbaji waliokuwa wanakaa miaka na miaka wakikariri nyimbo bila kuweza kusoma hata moja. Akachukua wimbo wa Kilatini wa Yohane Mbatizaji ambao kila mstari unaanza sauti moja juu ya uliopita, akakata silabi ya kwanza ya kila mstari: ut, re, mi, fa, sol, la. Ut baadaye ikawa do. Karne ya 19 kule Uingereza mwalimu mmoja mwanamke, Sarah Glover, akazigeuza kuwa herufi za kufundishia watoto, mchungaji John Curwen akazichukua akazisambaza, wamisionari wakazibeba, zikafika kwenye daftari lako lenye mafuta. Na unajua ule wimbo wa Yohane unaomba nini? Unaomba midomo yetu isafishwe ndio tuweze kuimba. Kwa hiyo yule anayesema wimbo wa Kigregori haumhusu, ameubeba kwapani tangu asubuhi.

Nirudi kwa watungaji wa juzijuzi. Nawapa wawili wa Ulaya na mmoja wa kwetu.

Duruflé nimeshamtaja. Alizaliwa 1902, akiwa mtoto wa miaka kumi akaingia shule ya waimbaji wa kanisa kuu la Rouen, akakua ndani ya zile nyimbo kama sisi tulivyokua ndani ya ngoma. Mwaka 1947 akatoa misa yake ya wafu, akaitoa kwa kumbukumbu ya baba yake, na karibu yote imekaa juu ya nyimbo za Kigregori za mazishi. Hakuzivunja. Alizitandikia tu chini sauti nyingine, laini, kama mtu anayemtandikia mgeni mkeka. Mwendo wake ni wa mbili na tatu, mbili tatu tatu mbili, kama watawa wa Solesmes, kule Ufaransa, walivyofundisha. Na hapo ndipo nacheka, kwa sababu mbili na tatu zinamshinda nani? Zinamshinda mtu wa biti ya kinanda. Mtoto wa Padhola aliyekua anacheza ngoma, mikono inakwenda tatu na miguu mbili, unataka kumfundisha nini?

Wa pili, na huyu nitakaa naye kwa sababu anatufaa sisi wenye kwaya ndogo. Arvo Pärt, mtu wa Estonia, alizaliwa 1935. Alikuwa anaandika muziki mgumu wa kisasa, ule ambao ukiusikia unadhani kabati limeanguka. Mwaka 1968 akaandika Kredo ya kwaya na okestra, ndani yake anakiri waziwazi kwamba anamwamini Yesu Kristo, na wakati huo nchi yao iko chini ya Wasovieti. Mnajua wenyewe serikali ikishakutazama vibaya inakuwaje. Baada ya hapo akanyamaza karibu kabisa, miaka. Alikuwa anafanya nini? Anasoma nyimbo za Kigregori na muziki wa kale, anajaza madaftari kwa mistari ya sauti moja, moja tu, ukurasa baada ya ukurasa. Mtunzi mkubwa mzima, anajifunza upya kutembea. Mwaka 1976 akatoka na namna yake mpya, akaiita kwa jina la Kilatini la kengele ndogo.

Namna yenyewe ni hii, na mtashangaa. Sauti ya kwanza inatembea hatua kwa hatua, haruki mtu, kama katika wimbo wa kale. Sauti ya pili hairuhusiwi kutembea, inagonga nota tatu tu za nyumbani, kama kengele. Na nani anaamua ya kwanza itembee hatua ngapi? Mara nyingi ni neno. Neno lina silabi ngapi, hatua ni hizo. Neno ndilo bosi.

Nilipoelewa hilo nikakaa mezani usiku, umeme umekatika, nina mshumaa, nikaandika "utuhurumie". Silabi sita. Basi hatua sita, kushuka, mpaka nifike la. Fa, mi, re, do, ti, la. U-tu-hu-ru-mi-e. Halafu sauti ya pili nikaipa la, do na mi peke yake, kila mara ichukue ile iliyo karibu chini ya mwenzake. Mwenzake akiwa fa, yeye mi. Mwenzake mi, yeye do. Re, do. Do, la. Ti, la. Na mwenzake akifika nyumbani la, yeye anashuka mi ya chini. Andikeni basi: mi, do, do, la, la, mi. Nikaimba ya kwanza, mke wangu ya pili, yeye hajui nota, nilimwimbia mara mbili akashika.

Sikilizeni kilichotokea. Mwanzo tu, fa na mi zinagongana, zinauma. Mtu mgeni atakimbia hapo, atadhani amekosea. Halafu zinaachana, kwenye "hu" zinagusana kidogo, zinaachana tena, zinapumua, na tulipofika silabi ya tano, ile "mi" nzito tuliyoitafuta tangu mwanzo, ya kwanza iko ti, ya pili iko la, wamebanana tena, inauma tena, halafu "e", ikafunguka. Sikupanga! Uzito wa neno umeangukia palipouma. Tulikaa kimya pale mezani. Halafu mke wangu akasema, sasa hiyo ndiyo mtu anaomba huruma, bambi, sio ile yenu ya kucheza dansi.

Huyo mke wangu, kwa wasiomjua, ni Muganda, mimi Mjapadhola, nyumbani tunaongea Kiswahili ndio amani ikae. Na yeye ndiye aliyeniingiza kwa mtu wangu wa tatu. Mwaka mmoja nilitunga wimbo wa Kiganda juu ya mpanzi aliyetoka kwenda kupanda mbegu. Okusiga, kupanda. Nilikuwa na nota nzuri sana hapo nikaipenda, nikaivuta. Nikamwimbia jikoni. Akaweka sufuria chini, akacheka mpaka akashika ukuta. Baba watoto, huyu mtu wako alitoka kwenda kupanda, au kwenda kupaka rangi nyumba? Kwa sababu ukivuta ile "si" inakuwa okusiiga, kupaka. Kiganda kinasikiliza urefu wa silabi na kupanda na kushuka kwa sauti, ukikosea umesema kitu kingine. Sasa fikirini nyimbo ngapi tuliletewa na muziki wake uliopimwa kwa maneno ya Kijerumani au ya Kiingereza, tukayasukumia ndani maneno yetu kama unavyofunga begi la safari kwa goti.

Ndio maana namheshimu mzee Joseph Kyagambiddwa. Mwaka 1955 alikuwa ameshaandika kitabu kizima juu ya muziki wa Kiganda, unavyofanya kazi. Halafu tarehe 18 Oktoba 1964 Papa Paulo wa Sita akawatangaza Mashahidi wetu 22 wa Uganda kuwa watakatifu, na kule Roma ikasikika oratorio ya Kyagambiddwa, yaani utungo mrefu wa kwaya unaosimulia habari takatifu, ya Kiganda, juu ya Mashahidi hao. Mliokwenda kuhiji Namugongo tarehe 3 Juni nyimbo zake mmezisikia, pengine bila kujua mwenyewe. Hakuchukua muziki wa mtu akabandika Kiganda juu. Alianza na Muganda anavyotamka. Kwangu mimi hiyo ni kazi ileile ya wale watawa, hata kama hakuna nota moja inayofanana.

Najua mnakuja na swali la ruhusa. Hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano juu ya liturujia ilitoka tarehe 4 Desemba 1963. Wanaopenda Kilatini wananukuu namba 116, kwamba wimbo wa Kigregori upewe nafasi ya kwanza. Wanaopenda ngoma wananukuu 119, kwamba muziki wa watu wa nchi za misioni uheshimiwe. Wanarushiana namba kama watoto wanaorushiana mapera. Karatasi ni moja, na kati ya 116 na 119 ni kurasa ngapi? Someni zote mbili bila kupumua, hakuna atakayekufa.

Kwa vijana wa vinanda, msininunie. Sijasema mviuze. Nimesema ile biti muizime wakati wa Bwana utuhurumie na wakati wa zaburi, mwezi mmoja tu, muone. Adungu, kile kinubi chetu, ruhusa, ngoma kwenye Utukufu ruhusa, pigeni hata paa litikisike. Na nyinyi walimu wa kwaya mnaotunga, naomba kitu kimoja: msiguse nota kabla hamjayasema maneno kwa sauti mara kumi. Tembeeni nayo. Mimi natunga nikienda shamba, majirani wameshazoea.

Haya, mmekaa sana. Simameni. Zimeni simu, afande na wewe. Daftari chini, hamlihitaji. Kina mama wote na sauti ya tatu, nyinyi mnatembea: "Bwana" ni ti, la, halafu "utuhurumie" fa mi re do ti la. Sauti ya nne na wanaume wengine mmekuwa kengele: la, mi ya chini, halafu mi do do la la mi. Msihesabu. Nisikie mtu anahesabu namtoa nje kwenye mvua. Semeni neno, mdomo ufanye vile unavyofanya nyumbani. Pale mwanzo pakiuma msikimbiane, kila mtu akae kwake, na kwenye "mi" mtegemee kidogo kama mzee anavyotegemea fimbo.

Mzee katekista, wewe ulikuwa unatoa sauti kabla sisi hatujazaliwa. Tupe la.